Banda la Gari Linavuja? Anza na Mteremko, Bati Baadaye

Paa la banda la gari likianza kuvuja, wengi hukimbilia hadwea kununua bati jipya. Fundi anapigilia, anachukua hela yake, anaondoka. Mvua kubwa ya kwanza ikija, tone linaangukia palepale lilipokuwa likiangukia zamani. Hii ni kwa sababu mara nyingi bati halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mteremko uliolala mno, misumari iliyopigwa bondeni mwa mawimbi ya bati, au mabati yaliyopandana kidogo. Ukiviacha hivyo vitatu kama vilivyo, bati jipya nalo litavuja.

Banda ninalozungumzia hapa ni lile la kawaida la huku kwetu Uganda: nguzo nne au sita, za paipu za mraba au za mbao, paa la upande mmoja lililoegemea ukuta wa nyumba, na bati la mawimbi juu. Kwa mahesabu nitatumia banda la urefu wa mita 5.5 na upana wa mita 2.8. Hilo linaingiza Noah moja, na boda yako ukiibana pembeni.

Wakati wa kufanya kazi

Kusini na katikati ya nchi, mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Nafasi yako ni Desemba hadi Februari, au Juni na Julai. Arua, Gulu na upande wote wa kaskazini msimu wa mvua ni mmoja mrefu, kwa hiyo subiri Desemba. Wa kando ya Ziwa Viktoria, Jinja hadi Entebbe, hawana mwezi wa kuamini kabisa. Ziwa huleta mvua yake alfajiri bila kutazama kalenda. Huko, usifungue paa lote siku moja kama hujahakikisha bati la kufunika liko nyumbani tayari.

Tafuta maji yanakoingilia

Simama chini ya banda saa sita mchana, jua likiwa kali, utazame juu. Matundu yote yatajionyesha kwa mwanga. Vitundu vidogo vilivyotapakaa kwenye bati zima maana yake ni kutu, na bati hilo limekwisha. Mwanga unaoonekana kwenye misumari tu ni habari nyingine kabisa.

Panda ngazi ung'oe msumari mmoja wa zamani. Ukiona raba imekauka na kupasuka, na shina la msumari limekonda pale lilipopita kwenye bati, wakati bati lenyewe bado linang'aa chini ya uchafu, basi hauhitaji bati jipya. Ng'oa misumari yote, weka skrubu nene zaidi zenye wosha ya raba, na hela iliyobaki ulipie karo ya watoto. Fundi hatafurahi kusikia hivyo.

Kama hujapata jibu kwa macho, tumia mpira wa maji. Mtu mmoja abaki chini, mwingine amwage maji juu, akianza upande wa chini wa mteremko na kupanda polepole, dakika tano kila mahali kabla ya kusogea. Ukianza juu, maji yatapita kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kumbuka pia kwamba maji hutembea: huingia kwenye tundu moja, yakashika ubao, yakaufuata hata mita nzima, ndipo yakadondoka. Tone linapoangukia si lazima ndipo tundu lilipo.

Halafu tazama paa la nyumba. Mabanda mengi yanapokea maji yote ya upande mmoja wa nyumba, yanayoshuka kwa nguvu na kugonga bati pale karibu na ukuta. Paa la nyumba lisipowekewa gata upande huo, hakuna bati la banda litakalovumilia.

Na onyo: nyumba za zamani za watumishi, zile za enzi za wakoloni na miaka michache baadaye, huenda zimeezekwa kwa vigae vikubwa vya mawimbi vya kijivu, vizito, vinavyofanana na saruji. Hiyo huenda ikawa asbesto. Usiitoboe, usiikate, usiivunje kwa nyundo, na usiruhusu watoto wacheze na vipande. Vumbi lake huharibu mapafu. Hiyo kazi waachie wenye vifaa vyake.

Pima mteremko

Chukua ubao ulionyooka wa mita moja. Uweke juu ya paa kufuata njia ya maji, weka pimamaji juu yake, kisha inua ncha ya chini hadi pimamaji iseme sawa. Pima nafasi kati ya ncha hiyo na paa. Kwa bati la mawimbi nafasi hiyo inatakiwa ifike sentimita 17 au 18, yaani nyuzi 10 hivi. Ikiwa ni sentimita 5 au 6, umempata mchawi. Maji hayakimbii, yanatuama kwenye viungio, na upepo ukivuma yanasukumwa kurudi juu na kuingia mahali bati linapolipanda lingine.

Fundi atasema, "Bosi, hapa panatosha, hii ni ya gari tu." Mwambie, "Fundi, pima mbele yangu." Msibishane, ubao na pimamaji vitaamua.

Jambo la pili ni mwelekeo. Watu wengi huteremsha paa kufuata urefu wa gari, kutoka nyuma hadi mbele. Kwa banda letu hiyo ni mita 5.5, na mabati ya kawaida dukani hayafiki hapo, kwa hiyo itabidi uunge bati kwa bati katikati ya mteremko. Kila kiungio cha namna hiyo ni mlango wa maji. Teremsha paa kufuata upana, kutoka ukutani kwenda nje. Mita 2.8 unaifunika kwa bati moja la mita 3 bila kiungio hata kimoja, na unabakiwa na ukingo wa kuingia kwenye gata. Mteremko wa nyuzi 10 kwa upana huo ni tofauti ya karibu nusu mita kati ya juu na chini. Upande wa chini ukiwa na mita 2.2, wa juu utakuwa na mita 2.7. Kama gari lako lina keria, pima hadi juu ya keria.

Ikikulazimu kuunga kwa urefu, bati la juu lipande la chini sentimita 20 au zaidi, na kiungio kikae juu ya ubao, siyo hewani.

Kununua

Namba ya geji inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Duka litakusukumia 32 kwa sababu bei yake ni tamu. Kwa banda, chukua 30, na kama juu kuna mti wa fenesi au ovakado, chukua 28. Fenesi likianguka kutoka mita sita halijali risiti yako. Bora zaidi, kata tawi hilo kabla ya kuezeka. Kwa wakazi wa Kampala wenye miti wanayolala kalooli, wale korongo wakubwa wa mjini, kinyesi cha ndege hawa hula rangi na kisha bati. Bati la rangi litavumilia kuliko jeupe, lakini bado utahitaji kuliosha.

Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti unene kwa milimita, siyo geji peke yake. Tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye bati lenyewe. Na ukiletewa mabati ya bei ya ajabu yaliyopigwa chapa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, rudisha hela mfukoni; tangu lile sakata la 2023, mabati ya serikali ya kusaidia watu wa Karamoja yalipoishia kwa wakubwa, hakuna Mganda atakayeamini kwamba hukujua.

Idadi: usigawanye kwa upana wa bati, gawanya kwa upana linaofunika baada ya kupandana. Muulize muuzaji. Tuseme ni sentimita 76. Mita 5.5 ukigawa kwa 0.76 unapata mabati saba na robo, kwa hiyo unanunua manane. Manane yatafunika mita 6.08, yaani yamezidi kwa sentimita 58. Usikimbilie kukata. Ongeza wimbi moja zima katika kila mpandano: viungio saba kwa sentimita 7.6 ni sentimita 53, na paa linakuja karibu sawa na banda. Ziada umeigeuza kuwa kinga.

Vingine:

- Skrubu za kujitoboa zenye wosha ya raba kwa fremu ya chuma, au misumari ya bati yenye kofia na raba kwa mbao. Kwa banda hili zitatumika karibu 150, nunua 180.
- Bati bapa la flashingi la kufunika kiungio cha ukutani.
- Gata, vishikio vyake na paipu ya kuteremshia maji.
- Rangi ya redi oksaidi kama fremu ni ya chuma.
- Mbao kavu kama fremu ni ya mbao. Kalitusi mbichi hujipinda inapokauka na kuvuta misumari yote. Paini iliyokaushwa ni afadhali. Wa Kampala, Ndeeba ndiko soko la mbao, na kazi za chuma Katwe na Kisenyi.

Mabati yakifika nyumbani, yaweke mahali pakavu, yakiwa yameinuliwa kutoka chini na kuegeshwa kwa mteremko. Maji yakiingia kati ya bati na bati kabla hujaezeka, zinki hutoa unga mweupe, na bati jipya linaanza kuoza likiwa bado kwenye rundo.

Kushusha bati la zamani

Toa gari. Inasikika kama mzaha, lakini bati la zamani likiteleza huenda moja kwa moja kwenye kioo.

Kisha angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani. Bati la mita tatu mikononi ni waya mwingine. Kama waya unapita juu ya banda au karibu nalo, waite UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme iliyochukua kazi ya kampuni ya Umeme tangu Aprili 2025, wakate au wausogeze kabla hujaanza. Fanya kazi asubuhi. Mchana upepo huamka, na bati likipigwa na upepo humbeba mtu.

Anza kung'oa na bati lililo juu ya mengine yote, yaani lililowekwa mwisho. Vaa glavu na viatu vigumu. Ukikanyaga paa, kanyaga juu ya mbao au paipu zinazobeba bati, kamwe siyo katikati. Misumari iweke kwenye kopo, la sivyo utaikuta kwenye tairi.

Fremu

Sasa fremu iko wazi, na hii ndiyo saa ya kurekebisha mteremko. Njia rahisi kwa nguzo za chuma ni kupunguza zile za upande wa chini, kama kimo cha gari kinaruhusu. Kama hakiruhusu, welda arefushe za upande wa ukutani, akiingiza kipande cha paipu nyembamba ndani ya kiungio kabla ya kuchomelea, siyo kubandika paipu mbili uso kwa uso. Sugua kutu, paka redi oksaidi, hasa pale alipochomelea.

Papi, yaani mbao au paipu zinazobeba bati, zipangwe kila sentimita 75 kwa bati la geji 30. Kwa banda letu utakuwa na papi tano. Vuta uzi juu ya zote: papi moja ikiwa chini kidogo, bati litabonyea hapo na kushika maji.

Halafu fikiria upepo. Nyumba ina kuta, banda halina. Upepo unaingia chini na kulisukuma paa juu kama mwavuli, na dhoruba inayong'oa banda haiangalii lina uzito gani. Hakikisha papi zimefungwa kwenye boriti kwa mikanda ya chuma au zimechomelewa, siyo kupigiwa msumari mmoja wa pembeni. Tikisa kila nguzo kwa mikono miwili. Ikicheza, chimba na kumwaga zege kabla ya kugusa bati.

Kulaza bati

Jua kwanza upepo wa mvua unatoka wapi. Tazama kuta za nyumba: upande uliochafuka kwa matope na ukungu ndio unaopigwa. Anza kulaza upande wa pili, ukiuendea upepo. Hivyo kila mdomo wa mpandano unaupa upepo mgongo.

Bati la kwanza ndilo linaloamua yote. Likikaa upande kwa upana wa kidole, la nane litakuwa limepinda kwa kiganja. Pata pembe mraba kwa uzi: pima mita 1.5 kwenye papi ya chini, mita 2 kufuata mteremko, na ulalo kati ya ncha hizo uwe mita 2.5 kamili. Bati litokeze sentimita 5 nje ya ubao wa chini ili maji yaangukie ndani ya gata, siyo nyuma yake.

Katika mpandano, ukingo wa bati la chini uwe umeelekea juu, na ukingo wa bati la juu uwe umeelekea chini. Ukigeuza, ukingo wa chini unakuwa mfereji wa kupeleka maji ndani.

Sasa msumari. Kwenye bati la mawimbi la paa, toboa mgongoni, kamwe siyo bondeni. Maji hupita bondeni. Hakuna raba itakayopigana na mto kila mvua. Skrubu iende wima. Izungushe hadi raba itokeze kidogo pembeni ya wosha, kisha acha. Fundi mwenye drili yenye nguvu anapenda kukaza hadi mgongo ubonyee, na hapo ametengeneza kisahani cha kukusanyia maji kuzunguka tundu. Ukiona kisahani, mwambie afungue arudie. Kwa msumari wa nyundo ni vilevile: pigo la mwisho ndilo linaloharibu.

Papi ya chini kabisa na ya juu kabisa, funga kila mgongo wa pili. Papi tatu za katikati, kila mgongo wa tatu. Pembeni mwa banda, upepo unakoingilia, usihesabu. Funga kila mgongo. Kwenye mpandano ni lazima skrubu ipite kwenye mabati yote mawili.

Kukata, tumia mkasi wa bati. Grainda ni haraka, lakini cheche zake huunguza zinki kwenye mkato na kutapakaza chembe za chuma juu ya paa, ambazo mvua ya usiku mmoja huzigeuza madoa ya kutu. Vumbi la kutoboa pia lifagie siku hiyohiyo.

Ukutani

Hapa ndipo mabanda mengi yanapovujia, na hapa ndipo fundi huwa amechoka na anataka kwenda nyumbani.

Kabla ya kufunika, chukua koleo, ushike kila bonde la bati kwenye ncha ya juu na ulikunje kuelekea juu. Kazi ya dakika kumi na tano kwa paa zima, na upepo hautaweza tena kusukuma maji yavuke ncha hiyo.

Kisha flashingi. Kata mfereji kwenye plasta, kina cha sentimita 2 hadi 3, kimo cha sentimita 15 juu ya bati. Ukingo wa flashingi uliokunjwa uingie ndani ya mfereji huo, uzibwe kwa saruji na mchanga, na upande wa chini ulale juu ya bati angalau sentimita 15. Lami au silikoni iliyopakwa juu ya plasta bila mfereji huonekana nzuri siku ya kulipa. Jua likiichoma na ukuta ukitanuka, inaachia, na maji yanateremka nyuma yake kimyakimya hadi uone doa sebuleni.

Gata na maji yake

Gata iteremke kuelekea paipu, sentimita moja kwa kila mita mbili hivi inatosha. Kwa mvua ya milimita 20, paa hili la mita za mraba kama 16 hupokea lita 320. Ukiondoa yanayoruka na kupotea, unabaki na kama lita 280, yaani madumu 14 ya lita 20. Weka pipa. Maji ya kwanza ya kila mvua yaache yaende, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata yatafulia na kuoshea gari.

Mvua ya kwanza ikinyesha, nenda usimame chini ya banda na tochi wakati inanyesha. Kama fremu ni ya mbao, panda tena baada ya kiangazi kimoja ukaze misumari au skrubu zilizolegea, maana mbao hunywea. Mabati ya zamani yasiyotoboka yatatosha banda la kuku. Yaliyobaki, wanunuzi wa chuma chakavu hupita mtaani kila siku.